Ringo Starr: Mwenye Bahati au Mwenye Mkono?

Mwaka 2024 ilipotangazwa kwamba mwongozaji wa Uingereza, Sam Mendes, anatengeneza filamu nne za The Beatles, bendi ya watu wanne ya Liverpool iliyotikisa dunia miaka ya 1960, kila mwanabendi na yake, kisha mwaka 2025 kwamba zote zimepangwa kutoka Aprili 2028, mabishano ya zamani yalifufuka. Filamu ya John Lennon haikumshangaza mtu. Ya Paul McCartney vilevile. George Harrison naye akapita. Ilipofika zamu ya Ringo Starr, watu wakaanza kukuna vichwa: mpiga dramu naye ana cha kujaza filamu nzima? Na katika mabishano ya namna hii hakosekani wa kutoa ule utani maarufu. Eti Lennon aliulizwa kama Ringo ni mpiga dramu bora kuliko wote duniani, akajibu kwamba hata ndani ya Beatles hakuwa bora kuliko wote.

Utani ni mtamu, ndiyo maana umeishi. Ila Lennon hakuutoa. Nitaurejea mbele. Kabla ya kumtetea au kumhukumu mtu, tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya Ringo hawabishani juu ya Ringo hata kidogo. Wanabishana juu ya kazi ya mpiga dramu, bila wenyewe kujua.

Kigoda kimoja, ngoma zote

Katika ngoma zetu za pwani kila ngoma ina mtu wake. Mmoja yuko kwenye vumi, anatoa sauti nzito ya chini. Mwingine yuko kwenye chapuo, anachombeza juu. Msondo nao una mwenyewe. Dramu za bendi ni kikundi hicho kizima kilichokabidhiwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda. Mguu wa kulia unakanyaga pedali ya ngoma kubwa iliyolazwa ubavu, ile inayosikika kifuani. Mguu wa kushoto unafungua na kufunga haihati, yaani matoazi mawili yanayotazamana. Kati ya magoti kuna sneya, ngoma bapa yenye nyaya chini yake, inayotoa mlio mkavu wa "pa!" unaowafanya watu wapige makofi. Kisha kuna tomu, ngoma za sauti ya kati pamoja na moja nzito iliyosimama kwa miguu yake, na juu ya zote matoazi makubwa.

Mwenye kigoda ana kazi mbili. Ya kwanza ni kushika pigo: wimbo ulioanza kwa mwendo fulani uishie kwa mwendo huohuo, na kila mwanabendi ajue yuko wapi. Ya pili ni kujazia: mwimbaji anapovuta pumzi, au ubeti unapogeuka kuwa kiitikio, mpiga dramu anaingiza mapigo machache ya kuwavusha watu. Kazi ya kwanza haionekani. Ya pili ndiyo inayoshangiliwa.

Mfikirie dereva wa basi la Dar kwenda Mbeya. Dereva hodari ni yule ambaye abiria wake wamelala. Hakuna anayeshuka stendi akisifu jinsi gia zilivyokuwa zikiingia. Ila siku wakipata dereva mbovu, basi zima litamjadili kuanzia Chalinze. Mpiga dramu naye ni hivyohivyo. Akiimudu kazi ya kwanza, hasemwi kabisa. Hapo ndipo ulipo mzizi wa matatizo ya Ringo. Alikuwa bingwa wa kazi isiyoonekana, kisha akaja kupimwa na watu waliozoea kuitazama ile inayoonekana.

Watu hao walilelewa na akina John Bonham wa Led Zeppelin, ambaye jukwaani aliweza kupiga peke yake kwa zaidi ya dakika 20, nyingine kwa viganja vitupu, na Keith Moon wa The Who, aliyepiga kama mtu anayefukuza nyuki. Sina ugomvi nao, walikuwa mafundi wa kweli. Wote wawili pia walifariki wakiwa na miaka 32, Moon mwaka 1978 na Bonham mwaka 1980. Kuhusu ngoma inayovuma sana wahenga walishasema, nami siongezi.

Mtoto wa wodini

Jina lake halisi ni Richard Starkey. Alizaliwa tarehe 7 Julai 1940, nyumba namba 9 ya mtaa wa Madryn, eneo la Dingle, katika jiji la bandari la Liverpool. Ilikuwa sehemu ya watu wa kipato kidogo, na vita vilikuwa vimeshapamba moto. Wazazi wake waliachana angali mdogo, akabaki na mama yake, Elsie, aliyekuwa akifanya kazi kwenye baa, na siku nyingi akashinda kwa babu na bibi mzaa baba.

Bibi huyo ana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo. Ritchie, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa na mashoto. Bibi aliuona mkono wa kushoto kuwa ni mkosi, akamkazania mpaka akazoea kuandika kwa kulia. Nani kati yetu hakuwahi kuambiwa "tumia mkono mzuri" alipopokea kitu kwa kushoto? Liweke akilini hilo la mashoto, tutalihitaji.

Akiwa na miaka 6 kidole tumbo kilimpasukia, uambukizo ukaenea tumboni, akazirai kwa siku kadhaa. Alilazwa karibu mwaka mzima. Aliporudi shule wenzake wakamwita Lazaro, yule aliyetoka kaburini, na masomo yalikuwa yamemwacha mbali hata kusoma akaja kufundishwa nyumbani na binti wa jirani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 13, akaanguka tena. Safari hii ilikuwa mapafu, kisha kifua kikuu, na hospitali ikawa nyumba yake kwa karibu miaka miwili.

Ni huko wodini alikokutana na ngoma. Ili watoto wasizubae, mwalimu alikuwa akija na vyombo vidogo, pembetatu, tari na ngoma, akining'iniza ubao wenye alama za rangi. Akigusa rangi fulani, wenye ngoma wanapiga. Akigusa nyingine, wenye pembetatu wanaitika. Ritchie akatoa sharti lake: asipopewa ngoma, hapigi chochote. Vyombo vikishakusanywa, aliendelea kugonga kabati la kando ya kitanda. Shule hakurudi tena.

Alifanya kazi ya utarishi reli, akahudumu kwenye baa ya feri, akaingia kiwanda cha vifaa vya shule kujifunza ufundi. Hapo alijiunga na wenzake wa kazini kupiga skifo. Skifo ilikuwa mtindo wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1950 wasio na pesa ya vyombo: ubao wa kufulia nguo unakwanguliwa kwa vidole vilivyovishwa vibati, na sanduku la majani ya chai linafungwa ufito na kamba likawa besi. Aliyewahi kuona watoto wa uswahilini wakipanga madebe na makopo kuwa bendi amekwisha kuelewa. Krismasi ya 1957 baba yake wa kambo, Harry Graves, alimletea dramu za mtumba alizonunua upande wa London kwa pauni 10, akazisafirisha kwa treni mpaka Liverpool. Ritchie alikuwa na miaka 17.

Mwaka 1959 akaingia Rory Storm and the Hurricanes, na mwaka uliofuata akaacha ufundi wa kiwandani ili aende nao kupiga kwenye kambi ya mapumziko huko Wales. Ndugu na jamaa walimwona amepotea. Jina la Ringo lilitokana na pete alizojaza vidoleni, na Starkey likafupishwa kuwa Starr ili sehemu yake ya kuimba ipate jina la kunoga jukwaani, "Starr Time", yaani wakati wa nyota.

Ni kipande hiki ambacho simulizi nyingi hukiruka. Mwaka 1960, pale Liverpool, Hurricanes walikuwa bendi kubwa kuliko Beatles. Vuli ya mwaka huo bendi zote mbili zilikuwa Hamburg, Ujerumani, zikipokezana jukwaa moja usiku kucha, na anayeangaliwa kwa heshima alikuwa Ringo: mkubwa kiumri, mwenye suti nzuri, mwenye uzoefu. Kwa hiyo ile hadithi ya kijana aliyeokotwa njiani na kupandishwa gari lililokuwa tayari limewaka haina mashiko. Wenye gari ndio waliomfuata.

Vurugu za 1962

Mkanganyiko mkubwa unatoka kwenye wiki chache za mwaka huo, kwa hiyo twende polepole.

Tarehe 6 Juni 1962 Beatles waliingia studio za EMI, London, mpiga dramu akiwa Pete Best. Mtayarishaji George Martin hakuridhishwa na dramu. Siku zile lilikuwa jambo la kawaida mtayarishaji kukodi mpiga dramu wa kulipwa kwa siku, fundi wa kuja, kupiga na kuondoka. Tarehe 16 Agosti meneja Brian Epstein akamwambia Best kwamba bendi haimtaki tena. Siku mbili baadaye Ringo alikaa kwenye kigoda kwa mara ya kwanza kama mwanachama rasmi. Mashabiki wa Best walikasirika kweli. Katika fujo za ukumbi wa Cavern, George Harrison aliambulia jicho jeusi.

Tarehe 4 Septemba wakarekodi "Love Me Do", dramu kapiga Ringo. Martin bado hakuwa na imani na kijana asiyemjua, na tarehe 11 Septemba tayari alikuwepo fundi wa kukodiwa, Andy White. Wimbo ukarudiwa White akiwa kwenye dramu, Ringo amepewa tari. Siku hiyohiyo, kwenye wimbo mwingine, Ringo alipewa manyanga. Mtu aliyekuwa nyota wa Liverpool anatikisa manyanga pembeni! Amekiri mara nyingi kwamba ilimuuma, na aliendelea kumkumbushia Martin kwa miaka mingi.

Hapo ndipo panapotoka madai kwamba "Ringo hakupiga nyimbo za Beatles". Ukweli ni mdogo kuliko madai: rekodi zote mbili zilitoka. Santuri ndogo ya kwanza ya Oktoba 1962 ilibeba upigaji wa Ringo, na albamu iliyofuata ikabeba wa White. Kuzitofautisha ni rahisi. Ukisikia tari, aliye kwenye dramu ni White. Baada ya siku hiyo George Martin hakukodi tena mtu wa kumkalia Ringo kigoda studioni.

Kuna madai mengine kutoka Marekani, ya mpiga dramu mashuhuri Bernard Purdie, kwamba yeye alipachika dramu juu ya rekodi za Beatles. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba zilikuwepo kweli rekodi zilizofanyiwa hivyo, lakini ni za Hamburg za mwaka 1961, enzi za Pete Best, zilizopakwa rangi upya kwa ajili ya soko la Marekani mwaka 1964, pale kila kitu chenye jina la Beatles kilipokuwa kinauzika. Ringo hayumo humo kabisa.

Ni nani basi aliyetoa utani?

Mwanahistoria Mark Lewisohn, ambaye kazi yake ya maisha ni kuchambua nyaraka za Beatles, aliusaka utani huo kwenye mahojiano ya Lennon asiupate. Ulipopatikana, ulikuwa kwenye vichekesho vya Uingereza vya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lennon aliuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Marehemu alitiliwa maneno mdomoni, na kwa kuwa aliwahi kuwa na ulimi mkali, kila mtu aliamini.

Alichokisema Lennon mwenyewe, katika mahojiano makubwa ya mwaka huo wa mwisho, ni kwamba Ringo alikuwa nyota Liverpool kabla hata hawajakutana naye, kwamba kiufundi si wa ajabu, lakini ni mpiga dramu mzuri ambaye watu hawampi haki yake. Naona ni hukumu ya haki, tena ya mtu aliyekaa naye jukwaani. Matendo yanasema zaidi. Bendi ilipovunjika mwaka 1970, Lennon angeweza kumwita mpiga dramu yeyote wa London. Kwenye albamu aliyoitoa Desemba ya mwaka huo, ambayo ni chungu na tupu, vyombo vichache na sauti inayolia, alimwita Ringo. Harrison naye alimwita. McCartney akamwita baadaye. Watu waliotoka kushtakiana mahakamani hawakubaliani mambo mengi, lakini juu ya nani akae kwenye kigoda walikubaliana.

Kushoto kwenye seti ya kulia

Sasa lile la mashoto. Dramu za kawaida hupangwa kwa mtu wa kulia: sneya mbele, kisha tomu zinafuatana kuelekea kulia mpaka ile ya chini. Mtu wa kulia anaanza kwa mkono wake wenye nguvu na kuteleza mduara huo kama anayepangusa meza. Ringo seti aliizoea ikiwa imepangwa hivyo, na hakuibadilisha. Lakini mkono wake unaotaka kuanza ni wa kushoto. Akianza nao na kuelekea kulia, mikono inapishana. Ni kama mtu wa mashoto aliyeketi kwenye sinia moja na watu wanne wa kulia. Atakula na atashiba, ila viwiko vyake vitafuata njia nyingine.

Matokeo yake yako kwenye rekodi. Mijazio yake haimiminiki mfululizo. Inachelewa kidogo, inasita, inatua pale usipoitarajia. Pengine anaanzia ngoma ya chini na kupanda juu, kinyume cha wengine. Ana mapigo machache, mazito, na baina yake kuna nafasi. Yeye mwenyewe ameshaeleza kwamba ule "uchekeshaji" wa mijazio yake unatokana na hiyo mikono, na ndiyo maana mtu wa kulia akiiga noti moja baada ya moja bado haisikiki sawa.

Nakushauri usikilize "A Day in the Life" ya mwaka 1967. Lennon anaimba habari za gazetini kwa sauti ya usingizi, na tomu za Ringo zinamjibu, nzito kama samani zinazosogezwa chumba cha juu. Hapigi ili wimbo usonge tu. Anaitikia maneno. Au "Come Together" ya 1969, ambako zile tomu zinazozunguka chini ya wimbo ndizo unazozikumbuka kabla hata ya maneno. Wakati huo alikuwa amezoea kuzifunika ngoma kwa taulo za jikoni ili mlio ufe haraka, ugonge na kunyamaza. "Rain" ya 1966 mwenyewe huitaja kuwa ndiyo kazi yake bora, na kwa ubishi wangu wote sina hoja ya kumpinga.

Siku hizi mpiga dramu wa studio huvaa hedifoni zinazomgongea "ti, ti, ti" ya kompyuta, akishindwa kufuata anarekebishwa kwa kipanya. Beatles hawakuwa nacho kitu hicho. Walirudia wimbo mara nyingi, na mafundi wa studio wakati mwingine walikata tepu kwa wembe, wakaunganisha nusu ya mara hii na nusu ya mara ile. Mwendo ukitofautiana kidogo tu, kiungo kinasikika kama kigae kilichopinda. Kanda hizo zipo, na wataalamu waliozisikiliza saa baada ya saa wamekuta kwamba wimbo kuharibika kwa sababu ya Ringo ni jambo la nadra sana. Kwa kawaida anayekosea ni mwenye gitaa au mwenye maneno.

Jukwaani ilikuwa taabu zaidi. Agosti 1965, kwenye uwanja wa Shea, New York, watu zaidi ya 55,000 walikuwa wakipiga mayowe na bendi haikuwa na spika za kujisikia yenyewe. Ringo amesimulia kwamba alikuwa akitazama migongo ya wenzake, vichwa na makalio yanavyotikisika, ili ajue wamefika sehemu gani ya wimbo. Anayesema kazi hiyo ilikuwa rahisi ajaribu kuswalisha jamaa asiyoisikia.

Fimbo na kiwanda cha Chicago

Kuna athari moja ambayo wasio wapiga dramu hawaioni. Wakongwe wa jazi walishika fimbo ya kushoto kwa kiganja kilichogeuka juu, fimbo ikipita kati ya vidole. Mtindo huo ulitoka kwa askari waliotembea na ngoma iliyoning'inia ubavuni. Ringo alizishika zote mbili namna moja, kama mtu mwenye nyundo mbili. Hakuubuni yeye, lakini tarehe 9 Februari 1964 watu wapatao milioni 73 wa Marekani walimwona hivyo kwenye kipindi cha Ed Sullivan, amekaa juu ya kijukwaa kilichoinuliwa, akitabasamu na kutikisa nywele. Vijana wakaenda madukani. Jina la Ludwig, kampuni ya Chicago, lilikuwa limeandikwa mbele ya ngoma yake kubwa, na kiwanda hicho kikalazimika kufanya kazi usiku na mchana. Wapiga roki wengi waliofuata wanashika fimbo kama yeye.

Alipotoroka

Wanaodhani Ringo alikuwa abiria tu hawajui habari za Agosti 1968. Wakirekodi albamu yao yenye jalada jeupe, alijiona hapigi vizuri tena, na akajiona mgeni katikati ya marafiki watatu. Akaenda kwa Lennon kumwambia: naacha, kwa sababu sipigi vizuri, na ninyi watatu mnapendana. Lennon akashangaa, akasema alidhani ni Ringo na wale wengine wawili ndio wanaopendana, yeye Lennon ndiye aliye nje. Akabisha hodi kwa McCartney, akajibiwa vilevile. Hakuendelea mpaka kwa Harrison. Alichukua familia wakaenda Sardinia.

Huko, kwenye boti aliyoazimwa na mwigizaji Peter Sellers, nahodha alimsimulia jinsi pweza anavyokusanya mawe na vitu vinavyong'aa baharini na kupanga bustani mbele ya pango lake. Mvuvi wa Kizimkazi angemwambia hilo bila kunyanyua kichwa kwenye nyavu zake. Mtu aliyekuwa amechoka kiasi kile alitamani naye kuishi chini ya bahari, akatunga "Octopus's Garden". London wenzake walijaribu kwenda bila yeye. McCartney akapiga dramu kwenye nyimbo mbili. Kisha wakamtumia telegramu ya kumbembeleza. Aliporudi Septemba akakuta dramu zake zimepambwa maua.

Wimbo huo wa pweza ni mmoja kati ya nyimbo mbili tu alizozitunga peke yake ndani ya Beatles. Hapa pana suala la pesa ambalo huwachanganya wengi. Sheria ya hakimiliki inauona wimbo kuwa ni maneno na sauti yake ya kuimbika. Aliyebuni pigo la dramu, hata kama ndilo linalotambulisha wimbo mzima, hahesabiwi mtunzi. Kwa hiyo nyimbo nyingi za Beatles zilipouzwa au kupigwa redioni, pesa ya utunzi ilikwenda kwa Lennon na McCartney, na Ringo alipata sehemu yake ya mwimbaji na mpigaji tu. Hata majina ya nyimbo yaliyotoka mdomoni mwake, kama "A Hard Day's Night" na "Tomorrow Never Knows", ambayo yalikuwa maneno aliyoyapindisha kwa bahati mbaya na wenzake wakacheka, hayakumwingizia utunzi. Si maskini wala hakaribii kuwa hivyo, msimwonee huruma. Ila mtu akisema "alipata sawa na wenzake kwa kukaa tu", mwambie si sawa.

Baada ya 1970

Sehemu hii naipita haraka kwa sababu haina mkanganyiko mwingi. Alikuwepo kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh, New York, Agosti 1971. Nyimbo zake mbili, "Photograph" na "You're Sixteen", zilifika namba moja Marekani, moja mwishoni mwa 1973 na nyingine mwanzoni mwa 1974. Watoto wa Uingereza wa miaka ya 1980 walimjua kama sauti inayosimulia hadithi za treni kwenye televisheni. Ndoa ya kwanza ilivunjika mwaka 1975, na pombe ikamtawala mpaka mwaka 1988, pale yeye na mke wake wa pili, Barbara Bach, walipokwenda kutibiwa pamoja Arizona. Mwaka uliofuata aliunda bendi ya marafiki ambayo tangu hapo amekuwa akizunguka nayo, kila mwanabendi akiimba nyimbo zake mwenyewe, yeye akiwapigia. Kwa lugha nyingine, amerudi kufanya kazi aliyokuwa akiifanya. Mwaka 2018 alipewa cheo cha Sir, miaka zaidi ya 20 baada ya McCartney. Mwanawe Zak aliyezaliwa 1965 naye ni mpiga dramu, na zawadi ya seti utotoni alipewa na Keith Moon.

Kupiga peke yake mbele ya watu hajawahi kupenda. Kwenye rekodi zote za Beatles solo yake ya dramu ni moja, kwenye "The End" ya 1969, na hata hiyo ilibidi abembelezwe. Ina sekunde zisizozidi 20. Haina mbio. Anapiga tomu kwa mwendo uleule wa wimbo, kana kwamba wenzake wangali wanapiga ila wewe ndiye usiyewasikia, kisha magitaa matatu yanaingia na yeye anarudi chini yake.

Halafu kuna "Now and Then". Mwishoni mwa miaka ya 1970 Lennon alijirekodi nyumbani New York kwenye kaseti, sauti na piano, peke yake. Ilikuwa rasimu, na piano ilimeza sauti kiasi kwamba wenzake walipoijaribu mwaka 1995 waliiacha. Baadaye programu ya kompyuta ikaweza kuitoa sauti kutoka kwenye piano kama unavyochambua mchele na chuya. Wimbo ulitoka tarehe 2 Novemba 2023 na kushika namba moja Uingereza. Gitaa la Harrison, aliyefariki mwaka 2001, lilitolewa kwenye ile kazi ya 1995. McCartney alikuwepo. Na sauti ya Lennon, iliyokuwa ikielea kwenye kaseti bila mtu wa kuishikia mwendo, ikawekewa dramu mpya. Aliyezipiga alikuwa ameshavuka miaka 80, na bado anaanza kwa mkono wa kushoto.